Uzi wa straipa wa Ziwa Texoma: msimu, chambo, na kwa nini mwezi wa Agosti hatuachii samaki

#1 Mvuvi wa Red River (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa wana Dallas watu wengi waliomba nieleze kwa kirefu habari za straipa (striped bass, samaki mwenye mistari ubavuni) wa Texoma, nikaona ni bora afunguliwe uzi wake kabisa. Nawaandikia hasa walioko Dallas, Fort Worth na upande wa Oklahoma, lakini hata aliyeko Mwanza au Kigoma asipite bila kusoma.

Texoma ni bwawa. Ukuta wa Denison ulikamilika mwaka 1944, ukazuia mto Red chini kidogo ya pale unapokutana na mto Washita, mpakani mwa Texas na Oklahoma. Maji yakiwa kwenye kimo cha kawaida yanafunika takriban ekari 89,000. Kwa hiyo usilichukulie kama lambo la kijijini. Upepo wa kusini ukikaza, mashua ndogo inageuzwa.

Straipa si mwenyeji hapo. Kwao ni Atlantiki, pwani ya mashariki ya Marekani, ambako anaishi baharini na kupanda mitoni kutaga. Kwamba anaweza kumaliza maisha yake yote kwenye maji yasiyo na chumvi kulionekana South Carolina: mabwawa ya Santee-Cooper yalipofunga mito mwanzoni mwa miaka ya 1940, straipa walibaki humo na wakaendelea kuzaana. Majimbo mengine yakaona, yakataka. Oklahoma walianza kupandikiza vifaranga Texoma mwaka 1965.

Mabwawa mengi yaliyopandikizwa hayana straipa wa kudumu. Serikali ikiacha kuleta vifaranga, samaki wanaisha. Sababu ni yai. Straipa hatagi kwenye kiota wala halei mayai mdomoni kama sato. Jike anayamwaga katikati ya maji, na yai lenyewe ni zito kidogo tu kuliko maji, kwa hiyo linahitaji mkondo wa kulisukuma kwa muda wa siku mbili hivi mpaka litotoe. Mkondo ukikatika kabla, yai linatua kwenye tope na kufa kwa kukosa hewa. Texoma ina mito miwili mirefu inayoingia, na maji ya Red yana chumvichumvi kutokana na miamba ya chumvi huko yanakotoka. Straipa wakapata kila walichohitaji. Wanazaana wenyewe hapo, na ndiyo maana ziwa hili linawapa watu wengi samaki wengi kiasi hiki.

Ndugu zake mnaokutana nao ni wawili. Wa kwanza ni besi mweupe, mwenyeji wa mito ya huku, na ndiye samaki rasmi wa jimbo la Oklahoma. Ni mfupi, mgongo umeinuka, mistari yake imefifia na kwa kawaida ni mmoja tu unaofika mkiani. Wa pili ni chotara, aliyetengenezwa South Carolina katikati ya miaka ya 1960 kwa kuchanganya yai la straipa na shahawa za besi mweupe. Huyo amejaa kwenye mabwawa ya karibu na mji kama Ray Hubbard na Lewisville, kwa sababu anavumilia joto kuliko straipa.

Kuwatofautisha, fungua mdomo upapase ulimi kwa kidole gumba. Besi mweupe ana kiraka kimoja cha meno katikati ya ulimi. Straipa ana viwili, vimelala sambamba, vinakwaruza kama msasa. Chotara naye ana viwili, ila vinakaribiana zaidi na mistari yake ubavuni imekatikakatika. Lijue hili kabla hujaanza kuhesabu samaki kwenye barafu, maana sheria haiwahesabu sawa.

Sheria yenyewe: straipa na chotara kwa pamoja ni 10 kwa mtu kwa siku, na kati yao wenye inchi 20 au zaidi wasizidi 2. Besi mweupe ni 25. Ipo leseni maalumu ya Ziwa Texoma inayokuruhusu kuvua pande zote mbili za mpaka. Ukiwa na leseni ya jimbo moja tu, kaa upande wa jimbo hilo. Kanuni zinachapishwa upya kila mwaka, zisome mwenyewe, usiniachie mimi.

Sasa twende kwenye mwaka wa ziwa, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu anapewa sehemu ambayo mwenzake alivua mwezi wa tano, anaenda mwezi wa nane, anarudi mikono mitupu na kusema amedanganywa. Straipa hana nyumba. Anafuata vitu viwili: shadi, yaani samaki wadogo wa fedha anaowala, na maji yenye joto analoliweza.

Januari na Februari maji ya juu yanashuka hadi nyuzi 7 au 8 za Selsiasi. Wengi wanakaa nyumbani, na hii ndiyo miezi ya straipa wakubwa. Wale shadi wadogo hawastahimili baridi, wanalegea, wanaanza kuzunguka ovyo na kufa, na shakwe wanashuka kuwaokota. Ukiona shakwe wamekaa kimya juu ya maji sehemu moja, usiwapite. Tumia samaki wa mpira wa inchi tano au sita kwenye kichwa cha risasi cha aunsi moja, mwache afike chini, kisha mvute polepole sana. Wakati huo straipa hakimbizi kitu.

Machi hadi Mei ni kupanda. Besi mweupe wanatangulia mitoni, straipa wanafuata maji yakifika nyuzi 15 hadi 20. Wanaenda mkono wa Washita na mkono wa Red. Wakishataga wanarudi ziwani na njaa kali, na mwezi wa tano alfajiri wanasukuma shadi kwenye kina kifupi karibu na ufukwe wa mchanga. Hapo unarusha chambo bandia cha kuelea. Mara nyingi anakikosa mara ya kwanza, maji yanaruka, mtu anashtuka na kunyakua fimbo. Usinyakue. Endelea kuvuta kwa mwendo uleule, anarudi.

Julai hadi Septemba wanahamia maji makuu, kusini kuelekea ukuta, juu ya matuta yaliyoko chini ya maji, futi 30 hadi 60. Ndio msimu wa shadi hai na wa vipande vya risasi vyenye ndoana vinavyoshushwa wima. Miezi hii nitaieleza baadaye kivyake, kuna jambo zito.

Oktoba hadi Desemba maji yanapoa, yanajichanganya juu na chini, hewa inarudi kila kina, samaki wanatawanyika ziwa zima na shakwe wanarudi kutoka kaskazini. Nikiambiwa nichague msimu mmoja tu, nachagua huu.

Karibuni kwa maswali.

#2 Nyakato Asili

Nimeweka kambi hapa mkuu. Endelea kushusha nondo.

#3 Mwana wa Uvira

Kaka, nimesoma mpaka mwisho. Niko Fort Worth miaka mingi, na straipa nimewahi kula tu, sijawavua. Lakini unavyomueleza ni kama unanieleza mikeke wa kwetu Tanganyika. Nao hawana makao, wanatembea na ndagala. Wavuvi wa Uvira na wa Bujumbura hawatafuti mukeke, wanawasha taa usiku, ndagala wanakuja kwenye mwanga, mukeke anakuja nyuma yao. Huko Texoma watu wanatumia taa?

#4 Mvuvi wa Red River

Mwana wa Uvira, karibu sana. Umegusa penyewe. Dagaa wa Tanganyika, mnaowaita ndagala, ni ukoo mmoja na shadi hawa. Wote ni wa familia ya samaki wa jamii ya simu, wenye magamba ya fedha, wanaotembea kwa makundi katikati ya maji na kuchuja vijidudu. Na mukeke, ambaye Kigoma tunamwita mgebuka, ni wa jenasi moja na sangara. Straipa ni ukoo mwingine kabisa, ila kazi anayoifanya Texoma ni ileile anayoifanya mukeke kwenu: kukimbiza samaki wadogo wa fedha kwenye maji ya wazi. Aliyekulia kwenye mitumbwi ya Tanganyika ana elimu ambayo mtu wa huku anailipia.

Taa zipo. Watu wanashusha taa za kijani chini ya maji kwenye magati usiku. Vijidudu vinakuja, shadi wanakuja, na besi mweupe wanakuja sana. Straipa pia wanafika, hasa kiangazi. Ila kwenye mashua wengi tunategemea sona, kile chombo kinachoonyesha kwenye kioo samaki walioko chini. Shadi unawaona kama wingu lililosongamana, na straipa ni vijipinde vinene chini ya wingu au ubavuni mwake. Ukiona wingu limetulia bila vijipinde, usipoteze muda. Ukiona wingu limepasuliwa vipandevipande, shusha chambo haraka, kuna anayelipasua.

#5 Dada Irving

Asanteni kwa uzi. Mimi na mume wangu hatuna mashua na hatuna mpango wa kununua. Kuna namna ya kuvua ufukweni, au hii ni habari ya wenye boti tu? Na watoto wanaweza kuja?

#6 Mvuvi wa Red River

Dada, namna ipo tena nzuri. Kwa watoto nakushauri uanze na besi mweupe, mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, wanapopanda mitoni na vijito vinavyoingia mabwawa ya huku. Wanakaa karibu na ukingo, wanagonga vichambo vidogo vya thumuni ya aunsi, na mtoto wa miaka saba anaweza kumvuta mwenyewe. Akishika mmoja, rusha palepale tena, hawatembei peke yao.

Texoma yenyewe, ufukwe wa hifadhi ya Eisenhower upande wa Texas una miamba inayoingia maji ya kina, na mwezi wa tano alfajiri au jioni straipa wanapita hapo. (Eisenhower rais alizaliwa Denison mwaka 1890, ndiyo asili ya jina la hifadhi.) Nenda kabla jua halijatoka. Likishapanda, wanarudi kilindini na ufukwe unakauka.

Sehemu ya tatu ni chini ya ukuta, mtoni. Maji yanapoachiliwa kuendesha mitambo ya umeme, shadi wanatoka wamelewa na straipa wanawasubiri kwenye povu. Na mafuriko yanapopita juu ya njia ya dharura ya kumwaga maji, kama ilivyotokea 1957, 1990, 2007 na 2015, samaki wengi wanabebwa kutoka ziwani kwenda mtoni. Lakini hapo chini usiende na watoto. King'ora kikilia maji yanapanda kwa kasi, na mtu aliyesimama kwenye jiwe katikati anajikuta kisiwani. Ratiba ya kufungua maji inatolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi wanaosimamia ukuta, iangalie kabla ya kutoka nyumbani. Na kanuni za kipande hicho cha mto si zilezile za ziwani, zisome peke yake.

#7 Kijana wa Garland

Mkuu mimi nina mashua ndogo na nimeshajifunza kurusha kimia, shadi napata bila shida. Shida yangu wanakufa. Nawaweka kwenye boksi kubwa la barafu lenye pampu ya hewa, baada ya muda mfupi wote wamegeuka matumbo juu. Chambo kilichokufa straipa wa kiangazi wanakidharau. Nifanyeje?

#8 Mzee wa Kimia

Mwanangu wa Garland, hili niachie mimi, kimia nimekirusha tangu Tanga kabla ya kuja huku.

Kwanza, achana na boksi la pembe. Shadi haachi kuogelea hata sekunde moja. Akifika kwenye pembe anasongamana na wenzake, anagonga ukuta, anajichubua. Mtazame puani, utaona pamekuwa pekundu. Shadi mwenye pua nyekundu hana maisha marefu. Tafuta pipa la duara, maji yazunguke upande mmoja, utawaona wote wamegeuza vichwa upande mmoja wanaogelea kwa utulivu.

Pili, maji. Ya bomba yana klorini, yatawaua kabla hujafika ziwani. Tumia maji ya ziwa lenyewe, au weka dawa ya kuondoa klorini. Tia chumvi ya mawe isiyo na madini joto, kiasi cha kuonja kwa mbali tu. Inawasaidia kustahimili msukosuko na inafanya magamba yasitoke ovyo. Kiangazi tumbukiza chupa ya maji yaliyoganda, usimwage barafu moja kwa moja.

Tatu, uchoyo. Pipa la galoni 30 haliwezi kubeba shadi mia mbili. Chukua wachache, ukiishiwa rusha tena.

Na kimia chenyewe ukikivuta, usiwamwage kwenye sakafu ya mashua halafu uwaokote kwa mikono mikavu. Kifungulie ndani ya beseni lenye maji, chagua wenye urefu wa kiganja, wengine warudishe. Povu likianza kujikusanya juu ya pipa, maji yamechoka, badilisha nusu.

Ukimtunga, pitisha ndoana puani, tundu moja kutokea la pili. Atakaa hai kwa muda mrefu na ataogelea mbele kama alivyozoea.

#9 Kijana wa Garland

Shikamoo mzee wangu. Pua nyekundu ndizo ninazoziona kila safari. Natafuta pipa wiki hii.

#10 Mzee wa Kimia

Marahaba mwanangu. Pipa la plastiki la mviringo linatosha, usinunue la bei mbaya.

#11 Mlinzi wa Maji

Nina hoja kwa mwanzisha uzi. Mimi ni mtu wa kuachia samaki, navua kwa furaha tu na sili. Kiangazi kilichopita nimevua straipa wengi wakubwa na wote nimewarudisha majini wakiwa wanaogelea vizuri. Sasa kichwa cha uzi kinasema Agosti hatuachii. Hii si ndiyo njia ya kumaliza samaki? Wakubwa ndio mama wa ziwa.

#12 Mvuvi wa Red River

Mlinzi wa Maji, nashukuru umeuliza kwa sababu unawajali samaki, na mimi nawajali vilevile. Ndiyo maana naomba unisome taratibu.

Agosti maji ya juu ya Texoma yanapita nyuzi 30. Straipa mkubwa hayawezi hayo, anataka maji yasiyozidi nyuzi 24 au 25. Mdogo wa paundi mbili anavumilia zaidi, ila kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji ubaridi. Kwa hiyo anashuka. Lakini kiangazi maji ya bwawa hayachanganyiki: ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi ni mazito yanakaa chini, na katikati kuna mpaka ambao upepo hauwezi kuuvunja. Kule chini majani na mwani vinaoza, hewa iliyomo inaliwa, na haiingii nyingine. Straipa mkubwa juu anaungua, chini anakosa pumzi. Anabaki kwenye tabaka jembamba katikati. Mwanasayansi Charles Coutant wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, aliandika kuhusu kubanwa huku mwaka 1985, na ndiko kunakoeleza kwa nini kwenye mabwawa mengi ya kusini straipa wakubwa wanakutwa wanaelea wamekufa katikati ya kiangazi hata pasipo mvuvi.

Sasa wewe unashusha chambo humo humo. Anashika, anapigana dakika kadhaa mpaka misuli inajaa asidi, na unamvuta kupita futi thelathini za maji yanayozidi kuwa moto mpaka kwenye hewa ya nyuzi 38. Unampiga picha. Unamrudisha kwenye maji ya juu, ya moto kuliko yote, akiwa na deni kubwa la pumzi kuliko wakati wowote. Anapiga mkia, anazama, wewe unafurahi. Kule chini hana nguvu ya kulipa deni lile. Wengi wao wanakufa baadaye, saa chache au siku inayofuata, wakati wewe uko nyumbani. Kuogelea wakati wa kuachiwa hakuthibitishi kitu.

Novemba hadi Aprili hali ni nyingine kabisa. Maji ya baridi yamejaa hewa, samaki anapona. Kipindi hicho nakuunga mkono kwa asilimia zote: wakubwa waachieni, hasa majike wenye mayai wakati wa kupanda. Usimshike kwa taya akining'inia, mbebe kwa mikono miwili iliyolowa, mrudishe kichwa kikitangulia.

Kwa hiyo ninachosema si kuua zaidi. Ni kuvua wachache. Agosti yule wa kwanza anayeruhusiwa kisheria anaingia kwenye barafu, awe mdogo awe mkubwa, na wa pili vivyo hivyo. Unapofika idadi yako, unanyanyua mishipi. Kama huli samaki, kavue besi mweupe na chotara, wanastahimili joto vizuri kidogo, au subiri Novemba.

#13 Kijana wa Garland

Hapo kuna fumbo mkuu. Sheria inasema wa inchi 20 wawili tu. Nikishapata wawili na wa tatu naye akaja mkubwa, lazima nimrudishe. Si ndiyo yuleyule unayesema atakufa?

#14 Mvuvi wa Red River

Umeliona lenyewe. Ukishaweka wakubwa wawili, ondoka kwenye kundi hilo. Usibaki unawachomoa mmoja mmoja na kuwarudisha ukisubiri mdogo ashike. Straipa wanatembea kwa rika, wa ukubwa mmoja wanakaa pamoja, kwa hiyo kama watatu mfululizo ni wakubwa, wa nne pia atakuwa mkubwa. Hama, nenda kwenye matuta ya kina kifupi zaidi, tumia shadi wadogo au kipande cha risasi cha aunsi moja, utakuta rika la inchi 15 hadi 18. Na hao ndio watamu zaidi.

Kuna waongoza watalii wanaoheshimu hili na kuna wasiolijali. Nimewahi kupanda mashua ambayo mwenyewe alikaa juu ya kundi la wakubwa asubuhi nzima ili wateja wapige picha, na samaki waliorudishwa walikuwa wanaelea nyuma yetu, tumbo juu, shakwe wakiwadonoa. Sikurudi kwake. Ukimlipa mtu, muulize kabla: tukishapata wakubwa wawili kila mmoja, unahamia wapi? Jibu lake litakuonyesha ni mtu wa namna gani.

Jambo lingine kwa wanaotumia chambo hai: tumieni ndoana ya duara, ile ncha yake iliyorudi ndani. Samaki akivuta, usinyanyue fimbo kwa nguvu. Acha iname yenyewe mpaka majini, kisha zungusha rili. Ndoana inajiviringisha na kukaa kwenye kona ya mdomo. Ndoana ya kawaida anaimeza, na aliyemeza ndoana hata Januari haponi.

#15 Mlinzi wa Maji

Nimekuelewa. Hili la tabaka la katikati sikuwahi kulisikia likielezwa hivi. Kwa hiyo kiangazi nivue besi mweupe, straipa niwaachie msimu wa baridi.

#16 Mvuvi wa Red River

Naam, kaka.

#17 Bi Mkubwa wa Plano

Nyie mnavua, sisi tunapika, na nimekuwa nikiona watu wanamharibu huyu samaki. Wanasema straipa ananuka shombo kali. Shombo hilo lina mahali pake: ni ule mstari mwekundu uliolala ubavuni chini ya ngozi. Mchune ngozi, geuza mnofu, utauona mwekundu ulioiva kama ini. Pitisha kisu chembamba uuondoe wote kuanzia kichwani hadi mkiani. Kinachobaki ni mnofu mweupe, mgumu, usiovunjika sufuriani.

Ila kazi inaanzia kwenye mashua. Mkate matamvua akiwa hai, mwache achuruzike damu kwenye ndoo, ndipo aingie kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Samaki aliyekaa juani saa mbili hata nazi haimwokoi.

Wenyeji wa huku wanamviringisha kwenye unga wa mahindi na kumkaanga kwenye mafuta mengi. Si vibaya, na unga tunao. Mimi namkaanga kidogo tu kwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha namweka kwenye tui la nazi lililochemka na nyanya, bizari na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Dakika chache zinamtosha. Kwa wali au ugali, hakuna atakayeuliza anatoka wapi.

#18 Mwana wa Uvira

Mama, hapa sasa umenimaliza. Mwanzisha uzi, naomba nafasi kwenye mashua. Jumamosi unatoka? Nije na nini?

#19 Mvuvi wa Red River

Natoka, na nafasi ziko mbili, ya kwako na ya Kijana wa Garland akitaka. Tukutane kwenye njia ya kushushia mashua saa kumi na nusu alfajiri, maeneo nitawatumia kwa ujumbe wa faragha. Leseni ya Texoma mkate mtandaoni leo, msisubiri madukani. Njooni na koti hata kama mchana kutakuwa na joto, kofia, maji ya kunywa, na kila mtu boksi lake lenye barafu angalau paundi 20. Fimbo ninazo. Mshipi nilioweka ni wa paundi 20, usibadilishe kwa mwembamba, mawe ya kule chini yanakata. Mwana wa Uvira, kama una kimia chako njoo nacho, tutaanza kwa kuvua shadi gizani kwenye ghuba kabla ya kutoka maji makuu, na nataka nikuone unavyorusha.

Tukirudi, tunamwaga maji yote ya pipa na ya sakafu ya mashua palepale ziwani, na tunaifuta mpaka ikauke. Kome wadogo wenye milia waligunduliwa Texoma mwaka 2009, na mabuu yao hayaonekani kwa macho. Maji kidogo kutoka huku yanaweza kuwapeleka kwenye mabwawa mengine. Sheria inadai hivyo, na askari wa wanyamapori wanasimama barabarani kukagua.

#20 Kijana wa Garland

Nipo. Nakuja na pipa jipya la duara, mzee alikague kwenye picha kwanza.

#21 Mzee wa Kimia

Tuma picha. Na tundu la kutolea maji liwe katikati chini, si pembeni.